Mambasa: Mshale uliokosa nyama lazima utafutwe kabla ya kurudi kambini

MAMBASA (Ituri) – Makako anayekula matunda juu ya mti wa mita thelathini hupigwa kutoka chini, mwindaji akiwa ameinua uso na upinde kuelekea juu. Mshale ukimpata, kazi imeendelea. Ukimkosa, unapita katikati ya majani, unapoteza nguvu, kisha unarudi chini. Unaangukia wapi? Katika msitu wa Ituri swali hilo lina uzito wake, kwa sababu ncha ya mshale huo ina sumu, na chini ya miti kuna watu: mwindaji mwenzake, mama anayetafuta uyoga, mtoto aliyefuata mbwa.

Uwindaji wa upinde haujaisha katika eneo la Mambasa. Waefe, ambao tangu zamani wanaishi kwa ujirani na wakulima Walese, ndio wanaojulikana kama watu wa mishale. Ndugu zao Wambuti wa upande wa Epulu, majirani wa Wabila, wanajulikana zaidi kwa nyavu, ingawa nao hubeba upinde. Watafiti kutoka mbali walikuja kuishi kambini miaka na miaka ili kuelewa tofauti hiyo. Mmarekani Robert Bailey na Mjapani Hideaki Terashima ni kati ya waliohesabu siku za kuwinda, mishale iliyorushwa na nyama zilizorudi.

Yale waliyoandika yanaonyesha jambo ambalo mtu wa mjini halioni haraka. Upinde wa Mwefe unaonekana kama kijiti na kamba, lakini umezungukwa na desturi nyingi za namna ya kuushika, kuuweka na kuutumia. Sasa vita vimehamisha watu. Familia zimekimbilia kando ya barabara, kijana anakulia kijijini mbali na kambi ya babu yake, na upinde anaurithi bila kurithi zile desturi. Hapo ndipo ajali inapotafuta njia.

Mishale ya aina mbili katika mfuko mmoja

Mwindaji Mwefe anaweza kuwa na mishale ya aina mbili, na mtu asiyejua hawezi kuona ni upi wa kuogopa zaidi. Wa kwanza ni wa chuma. Chuma chenyewe kwa desturi kinatoka kwa wakulima, kinafuliwa na kunolewa pande mbili, kisha kinafungwa kwenye fito. Huo ni mshale wa nyama za chini: mboloko na wengine wa jamaa yake, wale swala wadogo wa msituni. Unaua kwa kukata. Nyama inavuja damu, inaacha alama kwenye majani, na mbwa wanaifuata.

Wa pili ni wa mti mtupu. Ni mwembamba na mwepesi, ncha yake imechongwa tu, na nyuma, mahali ambapo wengine huweka manyoya ya ndege, pana kipande cha jani kilichopitishwa kwenye ufa. Ukiuona umelala chini unaweza kufikiri ni kijiti cha mtoto wa kuchezea. Huo ndio wenye sumu. Karibu na ncha umekatwa kidogo, ili makako akiukamata na kuuvuta, mti uvunjike na ncha ibaki mwilini.

Sumu ni ya makako, na sababu ni ya kazi. Makako aliyejeruhiwa kwa chuma anaweza kuruka miti kumi na kwenda kufia katika tawi ambalo hakuna mtu atakayelifikia. Sumu inamlegeza hadi anaanguka. Kwa mboloko haihitajiki, maana mbwa wapo na damu ipo. Lakini mgawanyo huo unaleta faida nyingine kubwa: katika uwindaji wa kundi, pale watu wanapokuwa karibu karibu na wanyama wanakimbia kila upande, mishale inayorushwa ni ile ya chuma. Ile ya sumu inatumika mtu akiwa peke yake au na wenzake wachache, mahali ambapo anajua nani yuko wapi.

Kijana anayechanganya aina hizo mbili, akachukua mshale wa sumu kwa kuwa ndio uliokuwa karibu na mkono, amevunja ulinzi huo bila kujua kwamba ulikuwepo. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya mfuko ni rahisi: ya sumu ikae upande wake, imefungwa pamoja, ncha zote zikielekea upande mmoja, chini, ndani ya kifuniko kigumu ambacho hakipenyeki. Jani la kufungia linazuia mvua, halizuii ncha. Anayeingiza mkono kwenye mfuko anapaswa kushika upande wa nyuma wa mshale bila kutazama, na bila kupapasa.

Ndani ya nusu duara ya mota

Uwindaji wa kundi wa Waefe unaitwa mota, na Terashima aliuandikia utafiti mzima uliotoka mwaka 1983. Wapiga mishale wanajipanga kwa nusu duara, kimya, kila mmoja na mti wake. Upande wa pili wengine wanakuja na mbwa, wanapiga kelele, wanapiga majani, na nyama inayolala inaamka na kukimbilia kwa wanaongoja. Mbwa wa huko hawabweki sana. Wanavalishwa kengele ya mti shingoni, na mlio wake unawaambia watu mbwa yuko wapi.

Tazama picha hiyo kwa macho ya usalama. Kuna watu wenye mishale wakiangalia mbele, na kutoka mbele yao wanakuja watu wengine. Kati yao kuna majani mazito kiasi kwamba mtu wa hatua kumi na tano haonekani. Kinachokimbia katikati ni mnyama wa kilo tano hivi, asiyezidi goti la mtu mzima kwa urefu, na anapita kwa muda wa kupepesa jicho.

Kinachofanya mota isiwe mauaji ya watu ni mambo machache yanayoheshimiwa. Mshale unarushwa kwa karibu na kuelekezwa chini, ili ukikosa uchome udongo. Mtu haondoki kwenye nafasi yake kabla ya ishara, hata kama anasikia nyama imeanguka kwa jirani. Ile hamu ya kukimbilia kuona ndiyo inayomweka mbele ya mshale wa pili. Na kinachopigwa ni mnyama aliyeonekana. Majani yanayotikisika hayapigwi. Hapo kengele ya mbwa inasaidia tena: jani linalotikisika pamoja na mlio wa kengele ni mbwa, na nyuma ya mbwa kuna mtu.

Tena kuna jambo la kutembea. Msitu wa Ituri una mizizi, una kamba za porini zinazoshika mguu, una miti iliyoanguka ya kuvukwa kwa kupanda. Mtu anayetembea na mshale tayari kwenye kamba ya upinde akiteleza, mshale unaondoka au ncha inamrudia mwenyewe. Mshale unawekwa kwenye kamba mwindaji akiwa amesimama na anajua atapiga nini. Nyama ikipotea, unaondolewa na kurudishwa mfukoni kabla ya hatua ya kwanza. Mtu akitaka kupanda mti au kuvuka gogo juu ya mto, upinde na mishale vinatangulia mikononi mwa mwenzake au vinabaki chini. Kupanda navyo ni kujitafutia jeraha.

Upinde nao unachoka

Juu ya upinde wenyewe maneno si mengi. Ni mfupi, maana katika msitu mnene upinde mrefu unakwama. Kamba yake ni ukanda uliochanwa kutoka kekele, ile kamba ya porini ambayo mijini watu wanaisukia viti. Kekele haivutiki sana na inavumilia unyevu, lakini inakatika polepole pale inapofungwa kwenye ncha za upinde, na ndipo jicho linapaswa kupita kila asubuhi. Mti wenyewe unapasuka kwa ndani kabla ya kuvunjika. Ukisikia sauti ndogo ya kukatika wakati wa kuvuta, weka chini. Upinde unaovunjika ukiwa umevutwa unamrudia mwenye kuushika usoni.

Vijana wana tabia ya kuvuta kamba na kuiachia bila mshale, kwa kujaribu au kwa kucheza. Nguvu ambayo ingeondoka na mshale inarudi yote kwenye mti, na upinde mzuri unaharibika kwa mchezo wa dakika moja.

Kinga ya mkono haipaswi kusahauliwa. Wambuti na Waefe huvaa kinga ya ngozi ya makako kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, ule unaoshika upinde, kwa sababu kamba inapoachiwa inaupiga. Katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani kinga hizo zinawekwa kama mapambo ya watu wa msituni. Ni chombo cha kazi. Mtu aliyepigwa na kamba mara mbili tatu bila kinga anaanza kuogopa kuachia, mkono unatetemeka, na mshale unaenda pasipotakiwa.

Sumu iliyowahi kuushinda msafara wa Stanley

Wakaaji wa Ituri hawahitaji kuambiwa kwamba mshale unaua mtu. Wale walioishi vita vya 1999 hadi 2003 waliona mishale ikitumika pamoja na mapanga na bunduki. Lakini habari ya zamani zaidi ya mshale wa sumu wa Ituri iliyosambaa duniani ilitoka katika msafara wa Henry Morton Stanley, uliopita huko mwaka 1887 ukielekea kwa Emin Pasha. Mwezi wa nane mwaka huo, mahali palipoitwa Avisibba kando ya mto Aruwimi, ambao ndio huo huo mto Ituri ukiteremka, wenyeji waliushambulia msafara kwa mishale. Luteni William Stairs alichomwa kifuani chini ya moyo. Wengine kadhaa katika msafara, ambao wengi wao walikuwa wapagazi kutoka Zanzibar, walijeruhiwa, na baadhi yao walikufa siku zilizofuata, wakiwemo walioshikwa na pepopunda.

Munganga wa msafara, Thomas Parke kutoka Irlandi, aliufyonza mdomo wa jeraha la Stairs. Stairs alipona, ingawa kipande cha ncha kilikaa mwilini mwake zaidi ya mwaka mmoja, na jina lake linajulikana hadi Katanga, alikofika kwa Msiri mwaka 1891. Parke ana sanamu mjini Dublin, na kwenye kitako chake kuna picha ya shaba inayoonyesha kitendo hicho cha kufyonza. Ni picha nzuri na ni mfano mbaya: waganga wa leo hawashauri hata kidogo kufyonza jeraha la sumu.

Stanley mwenyewe alidhani mwanzoni kwamba sumu ile ilitengenezwa kwa sisimizi wekundu waliokaushwa. Alikosea. Ilitoka kwenye mimea, na Parke baadaye alionyeshwa baadhi ya mimea hiyo na Wambuti wenyewe. Namna ya kuitayarisha ni ujuzi wa wenye msitu na haina nafasi katika makala hii. La kujua ni kwamba sumu nyingi za mishale katika Afrika hushambulia moyo. Mwingereza John Kirk, aliyefuatana na Livingstone kwenye mto Zambezi na baadaye akawa konsuli Zanzibar, aliligundua hilo kwa njia ya ajabu: mswaki wake ulikuwa umekaa pamoja na sumu ya mishale, na alipopiga meno akaona mapigo ya moyo wake yamebadilika. Kutokana na mmea wa sumu hiyo, unaoitwa kwa Kilatini Strophanthus, waganga wa Ulaya walipata dawa ya moyo iliyotumika miaka mingi.

Alama tu ya sumu kwenye mswaki ilitosha kugusa moyo wa mtu mzima. Sasa fikiri juu ya mshale uliopakwa sumu mara kadhaa na kukaushwa juu ya moto, umechomekwa kwenye majani ya kibanda, sentimita mia moja kutoka ardhini. Huo ndio urefu wa uso wa mtoto.

Wahadzabe wa ziwa Eyasi nchini Tanzania, ambao nao wanawinda kwa upinde, huzungushia ukanda wa ngozi kwenye chuma cha mshale wenye sumu na hawaufungui hadi wakati wa kuwinda. Ngozi hiyo inalinda sumu isiharibike, na papo hapo inamlinda mtu asijikwaruze. (Mmoja wa mimea yao ya sumu unaitwa Strophanthus eminii, kwa jina la Emin Pasha huyo huyo ambaye Stanley alipita Ituri kumtafuta.) Mishale ya mti ya Waefe ni myembamba mno kuzungushiwa ngozi mmoja mmoja, lakini fungu zima linaweza kuingizwa kwenye kipande cha mwanzi au kopo, na kopo likawekwa juu, mahali ambapo mtu mzima anapaswa kunyosha mkono ili kulifikia. Kopo hilo lisiwe lile lililokuwa la chumvi au la mafuta, maana mtoto analijua na atalifungua.

Chombo cha kusagia sumu hakirudi jikoni. Majiwe, kijiti cha kupakia na majani yaliyotumika vinachomwa au vinazikwa mbali na maji. Mwenye kidonda kidoleni hashiki kazi hiyo siku hiyo. Wavulana wa msituni wanapewa upinde mdogo wakiwa bado wadogo sana, na hiyo ni shule nzuri, mradi mishale yao iwe butu na isikae kamwe na ile ya baba.

Mtu akichomwa

Hapa ndipo makosa mengi yanafanyika, na mengi yanafanyika kwa upendo. Mtu anamwona ndugu yake na mshale mwilini, anaukamata na kuuvuta.

Mshale wa chuma uliozama kifuani, tumboni, shingoni au kwenye paja hauvutwi msituni. Chuma kilichoingia kinaweza kuwa ndicho kinachoziba mshipa uliokatika. Kikitoka, damu inatoka nacho, na makali yake yanakata tena njiani. Unazungushiwa nguo safi pande zote ili usitikisike, damu inazuiwa kwa kubana kando yake, na mgonjwa anabebwa kwenye tipoyi akiwa amelala. Fito ndefu inayokwama kwenye majani inaweza kufupishwa kwa uangalifu mtu mwingine akiishika karibu na mwili. Kazi ya kuutoa ni ya munganga mwenye vyombo.

Mkwaruzo wa mshale wa sumu ni jambo jingine. Jeraha linaweza kuwa dogo kuliko la mwiba, na mtu ataona haya kusema. Lazima aseme. Anaketi au kulala papo hapo, hakimbii, kwa sababu mbio zinaufanyisha moyo kazi zaidi wakati sumu inautafuta. Ncha iliyoshika kwenye ngozi tu inaondolewa na mahali hapo panaoshwa kwa maji mengi safi. Iliyozama ndani inaachwa. Hapachanjwi wembe, hapafyonzwi, wala hanyweshwi pombe. Kichefuchefu, kutapika, kulegea, kuona giza na moyo kwenda kombo ni dalili za kumfanya abebwe haraka zaidi, lakini wasingoje dalili ndipo waondoke.

Wanaombeba waseme ukweli wakifika: mshale ulikuwa wa sumu, ulimchoma saa ngapi, na kama wanajua mmea gani ulitumika, wautaje. Familia nyingine zinaficha kwa kuogopa kuulizwa walikuwa wanawinda wapi. Munganga anayeficha siri za wagonjwa wake anahitaji habari hiyo ili kuokoa maisha. Dawa ya kuzima sumu za moyo za namna hii ipo duniani, lakini si ya kutafutwa katika kituo cha afya cha kijijini, na kinachobaki ni kufuatilia moyo na kusaidia mapema.

Na mshale wowote, wa chuma au wa mti, unaweza kuleta pepopunda. Chanjo yake inapatikana, na mwindaji ana sababu kubwa kuliko mtu wa ofisini ya kuhakikisha ameipata.

Nyama nayo ina hesabu yake

Katika mota kuna desturi juu ya nyama: mwenye mshale wa kwanza uliopata mnyama ndiye mwenye nyama, aliyepiga wa pili ana sehemu yake, mwenye mbwa ana sehemu yake. Mtu aliyeazima mshale wa mwenzake analijua deni lake. Kwa hiyo kila mmoja anautambua mshale wake, na kila mmoja ana sababu ya kuutafuta baada ya kupiga. Desturi hiyo iliwekwa ili watu wasigombane, lakini inafanya kazi ya pili ambayo ni ya thamani leo: mishale inahesabiwa. Waliotoka na kumi wanajua kama wamerudi na tisa.

Mshale wa sumu uliokosa ndio wa kutafutwa kwa bidii zaidi. Mwindaji aweke alama mahali aliposimama, avunje tawi, kisha afuate upande alikopiga huku akiangalia chini na pia kwenye majani ya kiasi cha kiuno, maana mwingi hauanguki hadi ardhini. Asipoupata, awaambie walioko kambini ni chini ya mti gani, ili watoto wasiende kuokota matunda hapo. Sumu haitoweki siku ileile.

Makako akipatikana, hesabu inaendelea hadi kwenye chungu. Ncha ilivunjika makusudi, kwa hiyo imo ndani ya nyama. Anayepasua aanze kwa kuitafuta kwa kisu, si kwa vidole, na nyama ya kuzunguka jeraha inakatwa na kutupwa mahali mbwa hawafiki. Nyama iliyobaki huliwa, na watu wamekula hivyo vizazi vingi, kwa kuwa sumu hizi hudhuru kwa kuingia kwenye damu zaidi kuliko kwa kupita tumboni. Basi mpishi anayeletewa nyama bila kuambiwa kama ncha imetoka amewekewa hatari mkononi.

Mnyama aliyejeruhiwa kwa chuma akakimbia anafuatwa. Kumwacha afe polepole ni ukatili na ni hasara. Lakini mnyama anayekutwa amekufa bila mshale wa mtu yeyote asiguswe. Ebola iliyotangazwa Mangina tarehe 1 mwezi wa nane 2018 ilifika pia eneo la Mambasa, na ilipomalizika mwezi wa sita 2020 ilikuwa imeua watu 2.287. Mzoga wa makako usio na jeraha ni wa kutangaziwa wahudumu wa afya, hata kama kambi ina njaa.

Upinde barabarani

Msitu unaozungumzwa hapa kwa sehemu kubwa ni Hifadhi ya Wanyama ya Okapi, iliyoanzishwa mwaka 1992, ikaandikwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 1996 na mwaka uliofuata ikawekwa kati ya zile zilizo hatarini. Inasimamiwa na ICCN. Okapi, sokomutu na tembo hawapigwi na mtu yeyote, kwa chombo chochote. Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 mwezi wa tano 1982 na ile ya uhifadhi wa mazingira ya 2014 zinawalinda. Sheria ya tarehe 15 mwezi wa saba 2022 juu ya haki za watu asilia Wapygmé nayo inatambua uhusiano wao na ardhi na mali ya msitu. Sheria hizi hazisomwi kambini, na kati ya haki ya kupata chakula na katazo la kuua wanyama fulani, mwindaji mara nyingi anabaki kujua tu ni askari gani atakutana naye.

Lakini upinde una sifa ambayo mtego wa waya hauna: nyuma yake kuna jicho. Waya unamshika okapi na mboloko sawasawa, na unaendelea kushika hata aliyeutega akiwa amehamia Bunia. Mwenye upinde anaona anachopiga na anaweza kuacha. Kama ameona jike na mtoto wake, au amesikia sokomutu, mshale unarudi mfukoni.

Akitoka msituni, kuna hatari nyingine. Katika eneo ambako wapiganaji wa ADF wameua wakaaji, na ambako utawala wa kijeshi uliwekwa tarehe 6 mwezi wa tano 2021, mtu anayetokea ghafla kandokando ya barabara ya taifa nambari 4 na upinde mkononi anaweza kuonekana kama adui kabla ya kuulizwa jina. Kabla ya kufika barabarani mishale yote iwe mfukoni, mdomo wa mfuko umefungwa, na upinde umefungwa pamoja na mzigo. Atoke mchana, aonekane kwa mbali, na kwenye kizuizi asimame na kusema kwanza kwamba ana mishale kabla askari hajautia mkono mzigo wake. Mishale ya sumu ikiwemo, aseme hivyo waziwazi, aweke mfuko chini, na yeye mwenyewe ndiye aufungue, polepole, upande wa nyuma ya mishale ukimwelekea askari na ncha zikielekea udongoni.